Sarafu ya Kiingereza ya kale imekatwa nusu, nimepigwa?

Kijana wa Makole: Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, nakusanya sarafu za zamani, nilianza na heler za Mjerumani alizoacha babu. Juzi mjomba karudi toka Uingereza kaniletea sarafu ya fedha ya mfalme Æthelred wa Pili, yule wa 978 mpaka 1016, ina karatasi ya muuzaji, ila sasa imekatwa katikati, ni nusu! Nyembamba kama ganda la kitunguu. Mbele naona pua na shingo ya mfalme, nyuma kuna msalaba wa mistari miwili miwili na herufi LVN. Jamaa yangu kasema mjomba kapigwa na roho inaniuma maana najua alijinyima.

Mzee wa Kongwa: Hajapigwa mwanangu, tulia. Enzi hizo chenji ilikuwa shida, sarafu ya kawaida ilikuwa peni moja tu, sasa ukitaka kitu cha nusu peni wanaikata kwa mkasi, ukitaka robo wanakata tena. Kama wewe ulivyosikia wazee wakitaja sumni, ile nusu shilingi. Angalia ule msalaba, mkato unafuata mistari yake?

Bi Sarafu: Naongezea, LVN ni London, pale nyuma waliandika jina la fundi aliyeigonga na mji wake, kwa hiyo jina la fundi limeenda na ile nusu nyingine. Na halikuwa pambo, akichakachua fedha anajulikana, sheria ya mfalme Æthelstan, aliyetawala kabla ya huyu, ilisema akatwe mkono alioutumia kisha utundikwe pale karakanani. Peni za huyu Æthelred nyingi zimefukuliwa Sweden, maana aliwalipa Wavikingi, wavamizi wa Denmark na majirani zake, wasimvamie, 991 peke yake pauni 10,000 na pauni moja enzi hizo ilikuwa peni 240, piga hesabu mwenyewe. Tafadhali usiisugue na majivu wala dawa ya meno, ule weusi uache.

Kijana wa Makole: Asanteni sana mzee na dada. Nimeipeleka kwa sonara sokoni, gramu 0.7. Na mzee umesema kweli, nimeiweka chini ya taa, mkato umepita katikati ya ile mistari miwili moja kwa moja, aliyekata alikuwa anafuata njia. Nampigia mjomba sasa hivi.