Naomba ushauri: imani ninayo, ila najiona si kitu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni kijana wa kiume, nina shahada ya ualimu, ajira bado sijapata, kwa sasa naendesha bodaboda. Riziki naipata, namshukuru Mungu.

Shida huanza siku ya mavuno. Mnada ukianza baada ya ibada, jogoo mmoja anafika 80,000, niliosoma nao wanapandishiana bei huku wakipigiwa makofi, mimi nimeinamia simu kama mtu mwenye shughuli. Luka 12:15 naijua kwa kichwa, kwamba uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake. Najua Paulo alishona mahema. Ila hayashuki moyoni. Na mama akiulizwa nafanya kazi gani, anajibu, "Anasubiri ajira." Hiyo huniuma kuliko mnada.

Mliopitia haya, mlifanyaje? Msiniambie niombe tu, maombi nafanya. Nafikiria kujitolea kufundisha Shule ya Jumapili, watoto tunaelewana. Au na hiyo ni kutafuta sifa? Na mama nimwambieje bila kumkosea heshima?