Tupeane uzoefu: kijiji chenu kilianzia wapi?

Mjukuu wa Mlimani: Wakuu, juzi nimeenda kuzika kijijini. Tukapita porini, nikaona miembe imejipanga mstari. Nikamuuliza baba mdogo nani kapanda miembe porini. Akacheka: "Hapo ndipo kwenu. Tulihamishwa 74, serikali ilipokusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa." Miaka yote najua kwetu ni kule barabarani! Mwenye kisa atiririke.

Ndundu: Mahame hayo, makazi yaliyohamwa.

Mtoto wa Tembe: Umenikumbusha mbali. Ugogoni tulitangulia, Operesheni Dodoma, 1971. Bibi alikuwa na mimba kubwa. Lori likaja asubuhi, likapakia watu, kuku na vyungu, ng'ombe wakaswagwa. Bibi akagoma, mtama ulikuwa bado shambani. Mgambo wakapanda juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, wakabomoa paa yeye akiwa ndani. Wakashushwa kwenye uwanda mtupu, kila kaya na kigingi chake. Usiku mvua. Shangazi kazaliwa chini ya turubai la watu ambao bibi hakuwajua hata kwa jina. Anaitwa Operesheni.

Kidunda: Shangazi OPERESHENI?? Yuko hai?

Mtoto wa Tembe: Yupo, na jina linamfaa.

Mzee wa Busara: Mnalia tu. Bila kukusanywa mngesoma wapi? Zahanati je?

Bi Mkubwa: Shule tulipata, sikatai. Mashamba yakabaki nyuma saa mbili kwa miguu. Maji yako bondeni tulikotoka, sisi tumepangwa kwenye kokoto kandokando ya barabara ili lori lifike. Mvua ilipokata tukala unga wa yanga, yale mahindi ya njano.

Mzee wa Busara: Usichanganye ukame na vijiji.

Bi Mkubwa: Wewe umezaliwa lini?

Ndundu: Rufiji walianza na mafuriko ya 1968. Tukatolewa bondeni, tukapandishwa mchangani. Wazee walikubali mchana, msimu wa mlau, wa kulima maji ya mafuriko yakishapungua, wakashuka tena kulala kwenye madungu yao, vibanda vya juu ya nguzo.

Kidunda: Shangazi ameolewa?

Afisa Mstaafu: Mleta mada, nenda serikali ya kijiji ukaombe hati ya kumiliki ardhi kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo.

Bi Mkubwa: Thubutu! Labda wamepewa wengine zamani. Utazua kesi na binamu zako. Tafuta makaburi kwanza, ufyeke.

Ndundu: Mimi ningechuma maembe nikaondoka.

Mjukuu wa Mlimani: Yalikuwa mabichi.