Siku moja nje ya Dar: Moro kwa treni, Mikumi ya mbio, au Pugu ya jirani?

Mzaramo wa Ukonga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 26, na tumekubaliana Jumamosi moja tutoke Dar, twende asubuhi, usiku kila mtu alale kwake. Fedha ipo. Kinachotushinda ni mahali. Wiki ya pili hii kundi la WhatsApp halina amani: kuna wa Mikumi, kuna wa Bagamoyo, na mwenyekiti yeye anataka treni tu, itakakompeleka atajua huko huko. Naleta hoja hapa mnipinge.

Msimamo wangu ni kwamba tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, watu wa Dar tumeacha kuhesabu saa. Tangazo linasema "Mikumi kwenda na kurudi siku moja", watu wanatuma hela. Hebu fanyeni hesabu na mimi. Treni ya asubuhi, chini ya saa mbili uko Moro (Morogoro). Safi. Lakini stesheni iko Kihonda, na kutoka pale hadi langoni Mikumi ni kilomita mia moja na kitu, kwenye barabara ile ile ya malori ya Mbeya, Zambia na Kongo. Weka na kusubiriana chooni, weka na chai. Unaingia mbugani saa nne na nusu, jua kali, simba wamejilalia kivulini. Saa tisa mnaanza kugeuza, maana tiketi ya kurudi ina saa yake na treni haimsubiri aliyekwama nyuma ya lori la saruji. Umeamka saa tisa usiku, unafika kwako saa nne usiku, porini umekaa saa nne na nusu, tena zote kwenye kiti cha gari.

Nilikwenda mwaka jana. Mwandaaji, simtaji, alitupakia tisa kwenye gari la watu saba. Twiga nilimwona kwa kupitia kwapa la jirani yangu.

Sasa njoo Pugu. Daladala hadi Gongo la Mboto, unaunga ya Kisarawe, umefika. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi upo pale, unasimamiwa na TFS, wakala wa serikali wa misitu, kuna njia za kutembea, kuna bwawa la Minaki, kuna mapango ya popo ambayo kwa kweli ni mahandaki ya zamani ya kuchimbia kaolini, ule udongo mweupe. Kigiza kikiingia popo wanatoka mle kama moshi wa tanuri. Wangapi humu mmezaliwa Dar na hamjawahi kuwaona?

Kwa hiyo sheria yangu: safari ya siku moja, kwenda isizidi saa moja na nusu. Ikizidi hapo, kalale huko. Semeni.

Kijana wa Kosta

Mkuu, Pugu ni Dar hiyo. Unawachukua watu 26 unawapeleka nyuma ya nyumba yako halafu unasema mmesafiri? Mke wangu atanicheka mpaka Pasaka.

Nusu Tiketi

Mleta mada umeipiga Mikumi, ukaiua na treni ndani yake. Hapo umeionea. Treni yenyewe ndiyo safari. Ilipoanza, nauli ya Moro daraja la kawaida ilikuwa 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Nilikwenda na wanangu wawili, hatukugusa mbuga yoyote. Wa mwisho alibandika paji la uso kwenye kioo kuanzia Pugu, kila tukipita kijiji ananiuliza kinaitwaje. Baada ya Ngerengere milima ilipojitokeza akakaa kimya. Huyu ni mtoto wa Mbagala, mlima aliokuwa anaujua ni wa kifusi.

Tulikula ugali na maharage mjini, tukazunguka sokoni Chifu Kingalu, tukarudi. Watu watasema hatujaona kitu. Basi tumeona kitu kisicho na kiingilio.

Binti Kaole

Nashangaa Bagamoyo imetajwa kwa mstari mmoja kama ndugu asiyealikwa. Kilomita 70 hivi, lami mwanzo mwisho. Asubuhi Kaole: misikiti ya magofu, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye minara, mibuyu juu yake, upepo wa bahari unapita. Mchana Ngome Kongwe, kisha misheni ya Wakatoliki ya 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilala 1874 ukisubiri kuvushwa Zanzibar. Jioni samaki wa kukaanga pale wanakoshushia madau. Hakuna anayekubana kwenye kiti.

Na nyie wa "twende shamba, twende shamba", hivi shamba mnalifahamu? Ukipita Mapinga na Kerege ni minazi, mihogo na mananasi kandokando ya barabara.

Kijana wa Kosta

Binti Kaole, kwenda sina neno. Nazungumzia kurudi. Mimi naendesha njia hiyo. Ukitoka Bagamoyo Jumapili saa kumi na moja jioni, Bunju hadi Tegeta unaweza kuzeeka, hasa tangu waanze kuchimba kwa ajili ya barabara ya mabasi ya mwendokasi. Abiria wanaanza kuimba wakiwa Mapinga, wakifika Boko wananinunia kama vile foleni nimeipika mimi.

Ushauri wa dereva: Bagamoyo iwe Jumamosi, na saa tisa alasiri muwe mmeshakaa kwenye gari.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma nikaona niingie, hasa huyu aliyesema Pugu ni Dar. Pugu iko kwenye vilima vyake, na ilikuwa na mambo yake Dar ikiwa bado kamji. Wabenediktini walifungua misheni pale 1888, Januari 1889 ikavamiwa na kuchomwa wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani. Shule ya Pugu ndiyo aliyofundisha Nyerere, akaiacha 1955 alipotakiwa achague kati ya chaki na siasa. TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mtu akitembea pale na watoto wake akawaonyesha hayo tu, siku imetosha.

La pili, na hili sijaona mtu akiligusa. Mto Msimbazi, huu unaofurika Jangwani kila mvua kubwa mpaka barabara inafungwa, unaanzia kwenye vilima hivyo hivyo. Msitu wa Pugu ulikatwa sana kwa mkaa, na mkaa wenyewe ulikuja kupikia chakula chetu hapa mjini, kwa sababu ndio msitu uliokuwa karibu zaidi na jiji. Nilipokuwa kijana niliona baiskeli zikishuka Pugu na magunia matatu matatu, alfajiri, mstari mrefu. Kwa hiyo mimi nasema nendeni Pugu hata kama si pazuri kuliko Moro. Mtu akishaukanyaga msitu huo akauona ulivyobaki, akirudi Jangwani ikafurika atajua anamlaumu nani.

Nusu Tiketi

Shikamoo mwalimu. Heshima yako, ila hiyo si matembezi tena, ni adhabu yenye viatu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimefundisha miaka 34, adhabu naijua ilivyo, hii siyo.

Mluguru wa Moro

Nimewasoma tangu juu. Wote mnabishana nini mtakachopata nyinyi. Acheni na sisi wa huku tuseme tunachopata.

Jumamosi na Jumapili tunawaona. Mnatoka stesheni na bajaji hadi Boma Road, mnaanza kupanda kwenda Morningside, ile nyumba ya Wajerumani juu kule milima ya Uluguru. Njia ni ya wenyeji. Mama anashuka na ndizi au tenga la mboga kichwani, ametoka saa kumi na moja alfajiri awahi soko. Anakutana na kundi la watu kumi na tano wamesimama katikati ya njia wanapiga picha. Anasubiri na mzigo kichwani. Wengine wanampiga picha na yeye. Hakuna aliyemwambia "mama shikamoo", hakuna aliyeuliza ndizi bei gani, kwa sababu chakula mmekuja nacho kwenye madishi kutoka Dar, na maji mmekuja nayo, na chupa mnatuachia.

Wiki iliyopita nilimwona kijana akirusha chupa kwenye kijito. Nikamwambia, ndugu yangu, hilo bomba la kwako Sinza linakunywa huku. Akacheka, akadhani natania. Vijito hivi ndivyo vinavyoulisha Ruvu, na Ruvu ndio mnaokunywa wengi wenu Dar. Chupa yako umeitanguliza tu, mtakutana nyumbani.

Sisemi msije. Njooni. Ila huyu mwenye kundi la 26, wakija wote 26 na vyakula vyao na mratibu wao wa Dar, wakalipa kila kitu Dar, huku kwetu wameacha nini zaidi ya vumbi?

Bi Mkubwa wa Tabata

Mluguru umesema kweli na nimeona aibu, maana madishi hayo nimewahi kuyabeba mimi. Lakini naomba niwaulize wanaume mliojaa humu: mmetaja simba, Livingstone, Nyerere na popo. Choo hakuna aliyekitaja.

Nina mama wa miaka 71 kwenye kikundi chetu, na dada mwenye mimba ya miezi sita. Kwangu swali la kwanza ni choo, la pili ni kivuli cha kukaa, la tatu gari linafika umbali gani. Morningside mtu mwenye magoti mabovu hafiki, na bodaboda zinazopandisha huko mimi sipandi. Aprili ndiyo kabisa, utelezi wa masika hauna urafiki na mtu. Pugu je, bwawani pale gari linafika?

Mzaramo wa Ukonga (mleta mada)

Bi Mkubwa, shikamoo. Nilipokwenda nilikuta sehemu ya kukaa na choo upande wa bwawa, na gari lilifika. Ila ni kiangazi, mvua sijui niseme nini, hapo nitapiga simu kwanza.

Sasa niseme nilipotikisika. Mikumi sirudi nyuma, mtu akitaka mbuga akalale Mikumi mjini usiku mmoja, saa kumi na mbili asubuhi awe langoni wanyama wakiwa bado wanatembea. Kiingilio cha Mtanzania hakifiki hata elfu kumi, gharama inayouma ni gari, na gari utalilipa lile lile ukikaa saa nne au siku nzima.

Lakini kwa Moro naona sheria yangu ya saa moja na nusu imejipinga yenyewe. Niliiweka nikifikiria barabara. Kwa treni Moro ni karibu kuliko Bagamoyo ya Kijana wa Kosta siku ya foleni. Hilo Nusu Tiketi amenibana, nakubali.

Mluguru, nikuulize moja kwa moja. Tukija 26 bila dishi hata moja, tutakula wapi?

Mluguru wa Moro

Msipande wote. Wenye magoti mabovu wabaki chini Rock Garden, kuna kijito, kuna mawe ya kukaa na kivuli. Wanaopanda watafute kijana wa pale pale awaongoze, bei mpatane chini kabla ya kuanza, si juu mtu ameshachoka. Chakula kuna akina mama mjini, ukiwapigia siku mbili kabla wanapika wali wa watu 26 bila wasiwasi. Ukiwatokea ghafla saa saba mchana watakupa maandazi na pole.

Na mkikutana na mwenye mzigo, sogeeni upande wa bonde, yeye apite upande wa mlima.

Binti Kaole

Nimeshindwa lakini sijakubali. Popo na milima vyote vipo, msikiti wa karne ya 13 mtauona wapi?

Mwalimu Mstaafu

Kilwa, binti yangu. Ila hiyo si ya siku moja.

Mzaramo wa Ukonga (mleta mada)

Wakuu, tumepiga kura jana usiku. Moro 14, Pugu 9, Bagamoyo 3, Mikumi haikupata hata moja baada ya kuwaonyesha picha ya kwapa. Mwenyekiti kapata treni yake, anatembea kifua mbele kama aliijenga yeye. Mimi nilipigia Pugu, na tuliobaki tisa tumepanga kwenda wenyewe mwezi ujao, jioni, kwa ajili ya popo. Mwalimu, karibu.

Sasa mhazini anahangaika na tiketi. Anataka vitambulisho vya watu wote na saba hawajatuma, wawili kati yao wanasema vya NIDA vimepotea na wanauliza leseni ya udereva kama inatosha. Mwenye uhakika anijibu leo.

Bi Mkubwa wa Tabata

Rock Garden choo kipo?

Mluguru wa Moro

Kipo mama. Beba karatasi yako.