Glavu zipi kwa chumba kipi? Zahanati yenye maabara ndogo

mtunza_stoo
Wakuu, habari za kazi. Ninaagiza vifaa vya zahanati yenye chumba cha sindano, chumba cha vidonda, chumba cha kujifungulia na maabara ndogo (malaria, makohozi kwa ZN, yaani rangi ya kutafutia vijidudu vya kifua kikuu, Gram, yaani rangi ya kutofautisha bakteria, na vipimo vya haraka). Kwa sasa vyumba vyote vinatumia glavu za lateksi (mpira wa asili) yenye poda, saizi L, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Msambazaji ameleta bei tatu: vinaili (plastiki), ambayo ni ya chini kabisa, lateksi isiyo na poda, na nitraili (mpira wa kutengenezwa kiwandani). Maswali yangu:

Vinaili inafaa kwa chumba cha sindano? Je, nikinunua nitraili pekee nitakuwa nimemaliza kazi yote, pamoja na maabara? Wahudumu wa usafi wanavaa hizihizi mbilimbili wanapochanganya klorini, ni sawa? Na yale maandishi ya EN 455, EN 374 na AQL 1.5 kwenye boksi yasomwe vipi? Stoo yetu ni ya bati, na mchana joto ni kali.

muuguzi_kinga
Ndugu mtunza stoo, anza na mahali pasipohitaji glavu kabisa, maana huko ndiko boksi nyingi zinakopotelea. Sindano ya msuli, ya chini ya ngozi na chanjo haihitaji glavu kama ngozi ya mtoa huduma na ya mgonjwa haina jeraha. Ndivyo unavyosema mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kupima presha, joto na uzito vilevile. Kinachotakiwa hapo ni mikono safi, na mtu aliyevaa glavu mara nyingi husahau kuisafisha: anamhudumia mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu na jozi ileile, huku akiamini amekingwa. Amejikinga yeye, wagonjwa amewachanganyia vijidudu.

Glavu ni lazima pale unapotarajia damu, majimaji ya mwili, utando laini wa mdomo au uke, au ngozi yenye kidonda: kutoa damu kwenye mshipa, kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa), kuchoma kidole kwa kipimo cha malaria, kufunga kidonda, kushika mkojo na choo. Jozi mpya kwa kila mgonjwa. Kwa mgonjwa huyohuyo pia, ukitoka sehemu chafu kwenda sehemu safi unabadilisha.

Kwa kazi hizo vinaili siichagui. Haivutiki vizuri, haikai sawasawa kwenye vidole, na ikishakunjwa na kuvutwa hupata vitobo mapema kuliko lateksi au nitraili. Iache kwa kazi fupi zisizo na damu. Kujifungua ni habari nyingine: hapo zinatakiwa glavu za upasuaji zilizotakaswa, zinazouzwa jozi kwa jozi kwa namba (6.5, 7, 7.5), na kwa kutoa kondo la nyuma kwa mkono unahitaji zile ndefu zinazofika kwenye kiwiko. Za kwenye boksi hazijatakaswa, hata kama zimefunguliwa sasa hivi.

Saizi L kwa watu wote pia acheni. Ikiwa kubwa, ncha za vidole zinalegea, zinanaswa kwenye plasta na koleo, na mtu anapapasa mshipa bila kuusikia. Ikiwa ndogo, inachanika kati ya gumba na kidole cha shahada. Pima mzunguko wa kiganja chini ya vifundo vya vidole bila kuhesabu gumba: inchi 6 hadi 7 ni S, 7 hadi 8 ni M, 8 hadi 9 ni L. Wapimeni watumishi wote, kisha uagize kwa uwiano huo.

Kuvua ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Bana glavu ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo cha mkono, bila kugusa ngozi. Ivute ikitoka huku imegeuka ndani-nje, uikunje ndani ya kiganja cha mkono wenye glavu. Sasa ingiza vidole vitupu chini ya ukingo wa glavu iliyobaki, upande wa ndani tu, uivute juu ya ile ya kwanza mpaka zote ziwe kifurushi kimoja. Tupa kwenye pipa la taka zinazoambukiza, kisha safisha mikono: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye spiriti, au 40 hadi 60 kwa sabuni na maji. Mikono ikauke kabisa kabla ya kuvaa jozi nyingine. Mkono mbichi huchubuka, na glavu hukwama na kuchanika wakati wa kuvaa.

Glavu za kutupwa zisioshwe wala kupakwa spiriti ili zitumike tena. Sabuni husaidia majimaji kupenya kwenye vitobo ambavyo jicho halivioni.

maabara_ndogo
Nakubaliana na muuguzi, ila kwa maabara naongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kemikali inaweza kupita kwenye glavu nzima isiyo na tundu lolote. Inayeyuka ndani ya malighafi na kutokea upande wa pili, huku glavu ikionekana haina kasoro. Mfano unaojulikana ni wa Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Mwezi Agosti 1996 matone machache ya zebaki ya dimethili yalidondokea glavu yake ya lateksi. Alifariki Juni 1997. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina ile kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Zahanati haina sumu kama hiyo, lakini njia ya kupenya ni ileile.

Tuje kwenye meza yako. Nitraili nyembamba inafaa kwa damu, makohozi, mafuta na spiriti kwa muda mfupi. Kwa asetoni ya kuondolea rangi kwenye Gram ni dhaifu mno: huvimba na kulainika haraka. Ihesabu kuwa kinga ya matone tu. Ikidondokewa, simama, vua, osha mikono, vaa nyingine. Usimalizie slaidi kwanza. Rangi ya ZN ina fenoli, ambayo huunguza ngozi na wakati mwingine huifanya ife ganzi, kwa hiyo mtu hahisi maumivu mapema. Kanuni ni hiyohiyo. Kupunguza asidi ya salfuriki kali usifanye na glavu za boksi kabisa. Vaa glavu nene za kemikali zinazofunika kifundo, miwani na aproni, na asidi ndiyo imiminwe polepole kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Wakati wa kupasha slaidi moto kuwa mwangalifu zaidi, maana glavu huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Na ukishasafisha mikono kwa spiriti, usisogelee moto mpaka ikauke.

Kwenye boksi tafuta EN ISO 374-1. Aina A imestahimili angalau dakika 30 kwa kemikali 6 za majaribio, aina B dakika 30 kwa kemikali 3, aina C dakika 10 kwa kemikali 1. Herufi zinazoandikwa chini ya alama ndizo zinazotaja kemikali zenyewe. Dakika hizo ni za maabara ya majaribio, kwa hiyo mkono wenye joto unaokunjwa kila mara usiupe muda huohuo. Neno VIRUS chini ya alama ya vijidudu linamaanisha imefaulu kipimo cha virusi pia (EN ISO 374-5).

mkagua_vifaa
Mimi nabaki kwenye ununuzi. EN 455 ndicho kiwango cha glavu za tiba za matumizi ya mara moja. Boksi lenye EN 374 peke yake linaweza kuwa na glavu nzuri za kazi, lakini hazijapimwa kwa matumizi ya mgonjwa. Zahanati itafute yote mawili.

AQL inahusu vitobo. Sampuli za toleo (glavu zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja) hujazwa maji lita 1 kila moja na kuangaliwa kama zinavuja. AQL 1.5 ni mpaka wa kasoro ambao toleo likiuvuka kwenye sampuli linakataliwa. Namba ndogo ni bora. Haimaanishi kwamba kila glavu mkononi mwako imepimwa, na ndiyo sababu mikono husafishwa hata baada ya kuvua.

Bei ilinganishe kwa glavu moja, siyo kwa boksi. Boksi la kawaida lina 100, yaani jozi 50, lakini nitraili nyingine hufungwa 200. Kagua namba ya toleo, tarehe ya mwisho, jina na anwani ya mtengenezaji, na kwa Tanzania hakiki usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Mwaka 2021 iligundulika kwamba glavu zilizokwisha kutumika zilikuwa zikioshwa na kufungwa upya Thailand, kisha kusafirishwa nje. Madoa, unyevu, rangi zisizolingana ndani ya boksi moja au idadi pungufu: rudisha toleo zima.

Stoo ya bati itakusumbua. Joto, jua, taa kali na hewa ya karibu na mota za umeme huchakaza lateksi kuliko zote. Weka katoni juu ya rafu, mbali na ukuta na bati, na zinazokaribia tarehe ya mwisho zitoke kwanza. Ukivuta ukingo wa glavu ikanata au ikapasuka kama karatasi, usilitoe boksi hilo. Lateksi pia huharibiwa na vazelini na losheni zenye mafuta, kwa hiyo watumishi wasijipake kabla ya kuivaa.

mtunza_stoo
Asanteni sana. Mtumishi mmoja wa maabara viganja vinawasha na kupasuka. Anasema ni aleji ya lateksi. Nimhamishie nitraili tu?

muuguzi_kinga
Mpe nitraili isiyo na poda, lakini apimwe pia na daktari. Ngozi kavu inayopasuka mara nyingi ni mchubuko wa sabuni, jasho na mikono isiyokaushwa, na hiyo haiponi kwa kubadilisha glavu pekee. Upele unaotokea siku moja au mbili baadaye unaweza kusababishwa na kemikali za kuimarisha mpira, na hizo zimo hata kwenye nitraili nyingi, kwa hiyo utahitaji aina isiyo nazo. Aleji ya lateksi yenyewe huja ndani ya dakika: vipele, chafya, macho kuwasha, kifua kubana. Muulize kama ndizi, parachichi au kiwi humwasha mdomo, kwani aleji hizo huambatana. Ikithibitika, lateksi yenye poda iondoke chumba kizima, siyo kwake peke yake. Poda hubeba protini za mpira hewani. Marekani iliipiga marufuku kwenye glavu za tiba kuanzia Januari 2017.

Swali lako la wahudumu wa usafi halijajibiwa bado. Glavu mbili za boksi hazifai kwa klorini. Ni fupi, maji yanaingilia kwenye kifundo na kukaa juu ya ngozi, na zinachanika kwenye mpini wa moppu. Wanunulie glavu nene za mpira zinazofika katikati ya mkono, kila mtu na jozi yake. Kupata klorini ya 0.5% kutoka ile ya 3.5% ni sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ikichanganywa mahali penye hewa. Baada ya kazi waoshe glavu kwa nje kabla ya kuzivua, wazining'inize vidole vikiwa juu zikauke, na wazikague kila asubuhi kwa kuzijaza maji. Hata hizo hazizuii sindano. Mfuko wa taka ushikwe kwenye fundo la juu na usikandamizwe kwa mkono.