Silensa ya Land Cruiser 45 ya petroli: ya kiwanda, ya vyumba, ya pamba au ya jua kali?

Kruza_Tudor
Salaam alaikum nyote. Nina pikapu ya Land Cruiser FJ45 ya mwaka 1978, injini ni 2F ya petroli, silinda sita, lita 4.2. Bodi imeshapigwa rangi, breki ziko sawa, sasa nimefika kwenye egzosi. Iliyopo imeoza, mkebe umetoboka upande wa chini mpaka kidole kinapita.

Ninachotaka ni mlio. Ikisimama ingurume taratibu, mtu apitaye ajue humo ndani mna injini ya maana, lakini nikitoka alfajiri jirani asitoke na kanzu ya kulalia kuniuliza kulikoni. Nakaa Tudor, hapa Mombasa. Safari za mjini ni fupi fupi, ila karibu kila wiki naenda Kilifi, na mara moja moja naivusha Likoni kwa feri.

Nimetajiwa njia nne. Ya kwanza ni silensa kama ile ya kiwanda, ambayo moshi huenda na kurudi ndani ya mkebe. Ya pili ni ya vyumba, zile za Flowmaster. Ya tatu ni ya moja kwa moja, paipu yenye matundu iliyozungushiwa pamba ya kioo. Ya nne ni kumpa fundi wa jua kali akunje bati. Nani amefunga nini, na inaliaje?

Kijana_Nyali
Ya pamba, tena ile fupi, na paipu ya inchi 3 mpaka nyuma. Hapo hakuna la kufikiria. Ukipita darajani Nyali madirisha yakiwa wazi utanikumbuka kwa dua.

Fundi_Shimanzi
Utakumbukwa na polisi pia. Sheria ya trafiki inataka gari liwe na silensa inayofanya kazi, na NEMA, wale wa mazingira, wana kanuni zao za kelele tangu 2009.

Kaka wa Tudor, kabla hujanunua mkebe wowote, angalia manifoldi, yale matawi ya chuma yaliyofungwa kwenye kichwa cha injini. Wengi huniletea 2F wakilalamika silensa mbaya, kumbe kinacholia ni gasketi. Kwenye injini hii manifoldi ya kuvuta hewa na ya kutoa moshi ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja, na gasketi ni moja kwa zote mbili. Joto likizikunja kidogo tu, moshi unapenya pembeni. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, iwashe halafu mwenzako azibe mdomo wa egzosi kwa tambara nene sekunde chache. Wewe inama kwenye boneti usikilize. Ukisikia *tsi tsi tsi* karibu na kichwa cha injini, fedha ya silensa weka mfukoni kwanza.

Na zikipelekwa kusawazishwa kwenye mashine, zipelekwe zikiwa zimeungana. Ukisawazisha moja moja, ukizirudisha hazikai sawa na utarudi palepale. Boliti zinazoziunganisha zikaze mwisho, baada ya kuzikalisha kwenye kichwa.

Tanga_Boi
Wakuu, mimi niko Tanga lakini nafuatilia. Nimeona video za pikapu za Marekani zenye hizo za vyumba, zinadunda *bub-bub-bub* mpaka kifua kinatikisika. Mkuu afunge hiyo, mjadala uishe.

Binti_Majengo
Kaka wa Tanga, hizo ulizoziona ni V8. Ule mdundo hautoki kwenye silensa. V8 za Marekani kila upande hupokea milipuko isiyolingana, mara miwili inafuatana haraka, mara unakawia mmoja. Ndiyo maana inasikika kama inajikwaa. Silinda sita za mstari mmoja kama 2F hulipuka kila nyuzi 120 za mzunguko wa injini bila kukosea, na mlio wake ni mmoja uliolainika, mzito chini na kama tarumbeta ukikanyaga mafuta. Mkebe hauwezi kubadilisha mpangilio wa milipuko. Unachagua tu sehemu gani ya mlio ipite na ipi izuiwe.

Za vyumba hazina pamba ndani. Zina kuta za chuma, mawimbi ya sauti yanagonga kuta na kurudi kukutana na yanayokuja, mengine yanauana. Matokeo ni mlio mkali, wenye chuma ndani yake. Kwa V8 unapendeza. Kwa sita, masikio yangu yanasema unatoka kama debe. Hilo ni la ladha, atakayebisha abishe.

Lakini lililo muhimu kwako, Kruza, ni safari ya Kilifi. Kila mtu anasikiliza gari likiwa limesimama gereji, hakuna anayelisikiliza likiwa kilomita 80 kwa saa. Piga hesabu. Matairi ya 7.50R16, difu yenye uwiano wa 4.11, gia ya nne: kwa kasi hiyo injini inazunguka kama mara 2,200 kwa dakika. Silinda sita za mipigo minne hutoa milipuko mitatu kila mzunguko. Kwa hiyo ni milipuko 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Huo ndio mvumo utakaokaa nao kutoka Mtwapa mpaka daraja la Kilifi. Kibanda cha 45 ni bati tupu, hakina zulia wala sponji. Silensa fupi haiwezi kitu kwa sauti ya chini namna hiyo, inazuia zile kali tu. Ukifika utakuwa unamwambia kila mtu "ati nini?"

Kijana_Nyali
Dada umekuja na kalamu na karatasi kabisa 😂 Sisi tunaskiza kwa moyo.

Binti_Majengo
Moyo hauna kiwambo cha sikio.

Mzee_Mikindani
Wanangu, nimeendesha Bedford za petroli mkiwa hamjazaliwa, na ile nayo silinda sita. Hatukujua hezi ila tulijua jambo moja: mdomo wa egzosi ukiishia chini ya kibanda, dereva anafika Voi kichwa kinauma na macho mekundu. Watu hudhani ni jua. Ni ule moshi usio na harufu, kaboni monoksidi, unapanda kwenye matundu ya sakafu. Pikapu ikikimbia, upepo wa nyuma ya kibanda huvuta hewa kuingia ndani, hasa kile kidirisha cha nyuma kikiwa wazi. Kwa hiyo huo mtindo wa vijana wa kukata paipu mbele ya tairi la nyuma kwa ajili ya mlio, usiutie kwenye gari utakalompakia mama yako. Paipu ipite juu ya ekseli, itoke nyuma kabisa.

Kuhusu silensa, mimi nasema ya kiwanda. Gari la zamani lilie kama la zamani.

Kruza_Tudor
Shikamoo mzee. Hilo la moshi nimelichukua, na sakafu ina vitundu viwili vya nati vilivyobaki wazi, naviziba. Lakini ile ya kiwanda si inabana injini? Nimeambiwa tena kinyume, kwamba injini inataka kubanwa kidogo ndiyo ivute.

Fundi_Shimanzi
Injini haitaki kubanwa. Inachotaka ni moshi utoke mbio. Paipu ikiwa pana kupita kiasi, moshi unapoa na kuzubaa njiani, na mvuto wa chini unapungua. Ndipo watu wanaposema "ilihitaji kubanwa". 2F inatoa kama nguvu farasi 135 kwa mizunguko 3,600, si injini ya mbio. Nguvu yake ya kuvuta iko chini, huko karibu na mizunguko 2,000 unakokaa kila siku. Inchi 2 na robo inatosha mbele hadi nyuma. Inchi 3 ya Kijana wa Nyali ni ya injini nyingine.

Ya kiwanda haibani kiasi cha kukuudhi kwa matumizi yako. Mzee amesema kweli. Tatizo lake ni kwamba zinazouzwa sasa kama "za kiwanda" nyingi ni bati jembamba, na Mombasa bati jembamba halina maisha.

Mzee_Mikindani
Marahaba mwanangu. Na hapo fundi aseme habari ya kutu, maana hilo ndilo linalotumaliza sisi watu wa pwani.

Fundi_Shimanzi
Watu hulaumu chumvi ya bahari, na ni kweli, hasa wavukao Likoni. Lakini mikebe mingi ninayoifungua imeoza kutoka ndani kuja nje. Petroli ikiungua hutoa maji, lita moja ya petroli inakupa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Ukienda mbali, mkebe unapata moto na mvuke wote unatoka. Ukitoka Tudor mpaka Makupa na kurudi, mkebe haujachemka, mvuke unageuka maji na kulala chini pamoja na asidi ya moshi. Ndiyo maana wa kwako umetoboka kwa chini.

Dawa yake rahisi: tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya mkebe, upande wa nyuma. Halibadilishi mlio. Na mkebe ufungwe umeinama kidogo kuelekea nyuma.

Ya pamba ndiyo inayoumia zaidi kwa hili, kwa sababu pamba inanyonya maji na kukaa nayo. Halafu nyuzi hupeperuka kidogo kidogo na moshi, na kila zikipungua mlio unapanda. Unayoisikia siku ya kufunga siyo utakayoisikia baada ya mvua mbili za masika. Ukinunua, chungulia ndani na tochi. Kuna zenye matundu ya mviringo, laini, na kuna zenye magamba yaliyoinuliwa kama ya kukunia. Chukua ya matundu. Yale magamba yanakwaruza moshi na kuleta mlio wa kufoka.

Na ukiambiwa ni stenlesi, nenda na sumaku. Daraja la 304 sumaku haishiki, au inashika kwa shida kwenye mikunjo. Daraja la 409 inashika, nayo ni stenlesi ya kweli ila itapata kutu ya juu juu, kwa hapa kwetu si ajabu miezi michache. Asikuuzie 409 kwa bei ya 304.

Tanga_Boi
Mkuu fundi, na hizi za jua kali? Huku kwetu wanatumia paipu za maji za galavanaizi, haziingii kutu.

Fundi_Shimanzi
Hapana kabisa. Galavanaizi imepakwa zinki. Ukiichomelea, moshi wa zinki unamletea fundi homa na kutetemeka usiku kucha. Na ile zinki ya juu haivumilii joto la karibu na manifoldi. Akija fundi na paipu ya maji, mrudishe.

Jua kali nzuri ipo. Mimi mwenyewe nazikunja. Lakini uliza ndani mna nini. Wapo wanaotia paipu iliyotobolewa kwa drili matundu kumi na tano, wakafunga bati la milimita moja juu yake, hamna pamba, hamna ukuta. Hiyo ni ngoma, si silensa. Ukiigonga kwa kidole inalia *tong*. Ya kweli ikigongwa inatoa sauti butu. Bati liwe maradufu au milimita moja na nusu, matundu yajae urefu wote wa paipu, na kati ya paipu na pamba pazungushwe nyuzi za chuma, ndizo zinazozuia pamba isipeperuke.

Binti_Majengo
Kwa hiyo jibu langu: ya moja kwa moja, ya stenlesi, lakini *ndefu*. Mkebe wa sentimita 60 kama nafasi ipo chini ya karai la mizigo, na kwenye 45 nafasi ipo tele. Urefu ndio unaoila ile sauti kali bila kumeza uzito wa chini. Mvumo wa hezi 110 ukibaki, usibadilishe mkebe. Ongeza tawi la paipu lililozibwa mwisho, liunganishwe pembeni ya paipu kuu. Wimbi linaingia, linarudi likiwa limepinduka, linaua mwenziwe. Urefu wake ni robo ya wimbi. Kwenye moshi wa joto la nyuzi 300 hivi sauti hukimbia kama mita 480 kwa sekunde, kwa hiyo tawi linatoka mita 1.1 hivi. Linakunjwa kando ya chesi, halionekani.

Mzee_Mikindani
Mita nzima ya paipu isiyokwenda popote! Enzi zetu fundi angefukuzwa.

Kijana_Nyali
Mzee hapo tuko pamoja 😂

Kruza_Tudor
Nimewaelewa. Za vyumba nimeziacha. Nabaki kati ya ya kiwanda ya mzee na hiyo ndefu ya dada. Manifoldi naifungua Jumamosi, maana leo nimezibiwa egzosi na mpwa wangu, na kweli *tsi tsi* ipo, karibu na silinda ya sita.

Fundi_Shimanzi
Ya sita ndiyo yenyewe, mara nyingi huanzia kwenye ncha. Angalia na ufa.

Basi fanya hivi. Tengeneza paipu ya mbele na ya nyuma kwa inchi 2 na robo, uweke flenji za boliti mbele na nyuma ya mkebe, usichomelee mkebe wenyewe. Hanga ziwe za raba, chuma kwa chuma kitapeleka mtetemo wote kwenye karai. Funga ndefu kwanza, kwa boliti tu. Toka asubuhi, ukipita Mtwapa ishike 80 gia ya nne, uikalie mpaka Vipingo. Usipoweza kuzungumza na abiria wako, rudi tupime hilo tawi la dada, au tuitoe tuweke ya mzee. Ni boliti sita na gasketi mbili, hata saa moja haimalizi.

Binti_Majengo
Nenda na simu yenye programu ya kupima masafa ya sauti. Iweke usawa wa sikio, madirisha yamefungwa, uniletee namba. Hilo tawi tulikate kwa namba ya gari lako, si kwa hesabu yangu ya difu.