Elfu 20 ya zawadi ya gradu: MMF, hisa, sacco ama nilipe HELB?

DadaWaUmoja: Wadau habari zenu. Kitinda mimba wetu anagradu Disemba hii, B.Com, na mimi na ndugu zangu wawili tumechanga tukafika elfu 20. Mambo ya yale maua ya kuvalishwa shingoni yanayouzwa pale getini nimekataa kabisa. Nataka kitu kitakachomshika mkono. Nawaza MMF (ule mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaolipa riba) kwa jina lake, ama hisa, ama nimfungulie sacco (chama cha akiba na mikopo), ama nipunguze deni lake la HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi. Kazi bado hajapata. Nyinyi mngechagua gani?

BrokaMtaani: Hisa, bila kuzunguka. Ile sheria ya kununua kuanzia hisa 100 iliondolewa 2025, siku hizi NSE (soko la hisa la Nairobi) unanunua hata moja, kwa hivyo elfu 20 unaigawa kwa kampuni tatu nne hivi. Afungue akaunti ya CDS (ya kuhifadhia hisa) tu basi, gawio linaingia na anajifunza soko akiwa bado mdogo.

Omosh_Kayole: @BrokaMtaani gawio la elfu 20 ni la chai na mandazi boss. Mtu hana kazi, kodi ya nyumba ikimbana atauza siku ambayo bei iko chini. Safaricom yenyewe 2008 iliuzwa shilingi 5, ikashuka hadi chini ya 3, na wale waliingia na mkopo waliona moto. Sawa, 2021 ilipita 40, lakini hiyo ni ya mwenye anaweza kusahau pesa miaka kumi na tatu.

BrokaMtaani: Si ni zawadi! Zawadi unaisahau.

Omosh_Kayole: Asahau halafu nauli ya intavyuu atoe wapi?

MamaMikopo: Mimi ni mtu wa sacco damu na nitakuambia usimfungulie sasa hivi. Sacco tamu yake ni mkopo, unapewa hadi mara tatu ya akiba yako, lakini lazima uwe na wadhamini na hao wadhamini wanaangalia payslip, sasa yeye atadhaminiwa na nani na hana kazi, na ile akiba huwezi kuitoa hivi hivi mpaka ujiuzulu uanachama na ungoje, wengi ni siku 60, halafu zile hisa za mtaji hazirudishwi kabisa, unatafuta mwanachama mwingine akununulie. Akipata mshahara wa kwanza hapo ndio umpeleke, hata wewe mwenyewe umpeleke kwa mkono.

Mhasibu_Mstaafu: HELB usiiguse na hiyo pesa. Riba yao ni 4% kwa mwaka na wanakupa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo kabla uanze kulipa. MMF nyingi hata baada ya kukatwa kodi ya 15% kwenye riba bado zinakupa zaidi ya hiyo 4, sasa mbona ukimbilie deni la bei rahisi? Kibaya cha HELB ni kunyamaza. Muda ukifika na hulipi, faini ni 5,000 kila mwezi, na hiyo ndio inaua watoto wa watu, si riba. Mwambie aingie kwa akaunti yake ajue anadaiwa ngapi.

KaleeWaRongai: Mbona hakuna ametaja bondi?

Mhasibu_Mstaafu: Bondi za serikali kupitia DhowCSD (mfumo wa Benki Kuu) zinaanzia 50,000. M-Akiba, ile bondi ya kununua kwa simu ya 2017, ndio ilikuwa ya 3,000. Ongezeni 30 kwanza.

Kipepeo254: Chochote mtakachoamua, msimtumie kwa M-Pesa yake! Kama ana deni la Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa), linaimeza hiyo pesa kwanza kabla hata hajamaliza kuandika "asante sana dada". Ukiweka MMF unatuma kutoka simu yako moja kwa moja hadi namba ya akaunti yake kwa mfuko, hapo hakuna wa kuiguza njiani. Lakini akaunti iwe kwa jina lake, na kitambulisho chake, sio wewe ushike eti unamtunzia. Tunawajua madada wa kutunza 😂

DadaWaUmoja: 😂😂 @Kipepeo254 umenifikia. Na akitaka kutoa inachukua muda gani?

Kipepeo254: Nyingi ni siku mbili tatu za kazi, zingine siku hiyo hiyo. Mimi naona hizo siku mbili ni nzuri, hawezi kuitoa Ijumaa usiku akiwa na marafiki. Angalieni tu kampuni iko kwa orodha ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji).

Mhasibu_Mstaafu: Na si lazima yote iende huko. Elfu 15 MMF, tano abaki nayo ya kutafuta kazi. Good conduct (cheti cha polisi) peke yake ni 1,050 kwa eCitizen, kisha aende Huduma Centre achukuliwe alama za vidole. Suti nzuri ya Gikomba na viatu vya Toi hazimalizi hiyo inayobaki, akijua kuongea bei.

BrokaMtaani: Bado nasema hisa.

DadaWaUmoja: @Mhasibu_Mstaafu hapo nimeelewana na wewe. Swali moja, MMF wameuliza PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na yeye hana.

Omosh_Kayole: Anajisajili mwenyewe kwa iTax, tovuti ya KRA, ni bure, asiende saiba wamlipishe. Na akishaipata, kila mwaka afaili ritani kabla ya 30 Juni hata kama hajaingiza shilingi. Kuchelewa ni faini 2,000.