Chai ya bi mkubwa mwenye kisukari: aspatemu, sukralozi, stevia au asali?

Mwana_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa wangu, miaka 63, amegundulika na kisukari aina ya pili mwezi wa tatu. Anameza metformini, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Wali kapunguza, mihogo kapunguza, ila chai ya rangi bila sukari imemshinda kabisa. Alizoea vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku.

Famasi nimekuta sukari mbadala za aina tatu: vidonge vidogo vya aspatemu, pakiti za manjano za sukralozi, na unga wa stevia ambao bei yake ni karibu mara tatu ya hivyo vingine. Jirani anasema vyote vinaleta saratani, bora asali mbichi. Sitaki kumpa mama kitu cha kumdhuru. Waliotumia naomba mniongoze.

Nesi_wa_Zamu
Pole kwa kuuguza, mkuu. Nianze na asali, kwa sababu kliniki ya sukari naisikia kila wiki. Asali ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja kina wanga gramu 17 hivi, wakati kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina gramu 12 au 13, kwa kuwa asali ni nzito. Kuwa mbichi, ya nyuki wadogo au ya porini hakuibadilishi. Sukari guru nayo ni hivyo hivyo.

Hesabu ya mama: vijiko vidogo 12 kwa siku, kila kimoja gramu 4, ni karibu gramu 48 za sukari kwenye chai peke yake. Hapo ndipo hizi sukari mbadala zinapokuwa na kazi.

Sasa saratani. Julai 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliiweka aspatemu kundi la 2B, maana yake "huenda ikasababisha", kwa ushahidi mdogo. Dondoo ya jani zima la alovera imo kundi hilo hilo. Makundi yale yanapima uzito wa ushahidi, hayasemi ni kiasi gani kinadhuru. Kiasi kiliangaliwa na kamati nyingine ya WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wakati huo huo, ikabakiza kikomo kile kile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda ya daieti kila siku ndipo akipite, tena kama hapati aspatemu kwingine. Vidonge vya vikombe vinne vya chai viko mbali sana na hapo.

Asiyepaswa kuigusa aspatemu ni mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria, kwa sababu mwili wake hauwezi kuvunja fenilalanini, kiini cha protini kilichomo ndani ya aspatemu.

Binti_Kisauni
Kaka, babangu tumempa aspatemu miaka miwili. Mwanzo tuliona kama tumeuziwa kitu bandia, chai haikoli hata kidogo. Kumbe makosa yalikuwa yetu, tulikuwa twachemsha vidonge pamoja na maziwa na tangawizi. Aspatemu yavunjika kwa moto na utamu wapotea. Mimina chai kikombeni kwanza, kisha tia kidonge.

Sukralozi yastahimili moto zaidi, kwa hiyo kwa chai ya maziwa ya kuchemsha ndiyo twatumia sasa. Lakini usiitie kwenye kitu cha kuoka au kukaanga. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula ilionya mwaka 2019 kwamba ikipita nyuzi joto 120 za Selsiasi yaweza kutoa kemikali za klorini zisizofaa.

Nami naomba nitoe lililotuumiza. Nilimnunulia baba biskuti zilizoandikwa hazina sukari, akala nusu pakiti kwa furaha. Baada ya saa mbili kipimo cha sukari kikasoma 14 (milimoli kwa lita). Unga wa ngano ulikuwa mle mle, na maltitoli, kitamu mbadala ambacho nacho chapandisha sukari, ingawa kidogo kuliko sukari yenyewe. Nililia siku ile. Tangu hapo nasoma nyuma ya pakiti kabla ya kusoma mbele.

Msomaji_Makini
Nesi, nakuheshimu, ila mbona WHO hao hao Mei 2023 walisema sukari mbadala zisitumike? Na kuna utafiti wa Israeli wa 2022 ulioonyesha sakarini (sukari mbadala nyingine) na sukralozi zinavuruga bakteria wa utumbo na jinsi mwili unavyoshughulikia glukozi.

Nesi_wa_Zamu
Swali zuri. Mwongozo ule ulihusu kuzitumia ili kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa, na uliandika wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kipengele hicho ndicho kinachoachwa habari ikisambazwa kwenye makundi ya simu.

Utafiti wa Israeli ni wa kweli. Watu 120 wenye afya, wiki mbili za kutumia, na mabadiliko yalitofautiana mtu na mtu. Mimi nauchukua kama sababu ya kutumia kidogo. Hautoshi kunifanya nimrudishe mgonjwa kwenye vijiko 12.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni stevia ya unga. Jani lenyewe lina utamu mkali mno, kwa hiyo viwandani huchanganywa na kitu cha kuongeza ujazo, mara nyingi erithritoli, ambayo nayo ni kitamu mbadala. Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland, Marekani, waliona watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi, na maabara ikaonyesha damu inaganda kwa urahisi zaidi. Haijathibitishwa kuwa ndiyo chanzo, na mwili wenyewe hutengeneza kiasi kidogo. Ila mwenye kisukari tayari ana hatari ya moyo, kwa hiyo mimi ningeichagua stevia isiyo na erithritoli. Nyingine huchanganywa na dekstrozi, ambayo ni glukozi tupu.

Mzee_wa_Saa
Mwanangu, mimi natumia insulini mwaka wa 11. Siku moja nilirudi shambani sukari imeshuka, jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno hayatoki sawasawa. Mke wangu akakimbilia soda kwenye friji, lakini ilikuwa ile isiyo na sukari ninayokunywa kila siku. Nikanywa chupa nzima, hali ikazidi. Jirani ndiye aliyekoroga maji na sukari ya kawaida nikarudi.

Kwa hiyo mkiondoa sukari nyumbani, msiiondoe yote.

Nesi_wa_Zamu
Asante sana mzee wangu. Ni gramu 15, yaani vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Metformini peke yake ni nadra kushusha hivyo, lakini wakimwongezea glibenklamidi (vidonge vingine vya kushusha sukari) au insulini inatokea.

Mwana_Pangani
Nimerudi baada ya wiki tatu. Stevia aliikataa siku ya kwanza, anasema inaacha uchungu ulimini. Sasa anatumia kidonge kimoja cha aspatemu kwa kikombe, baada ya kumimina, na vikombe vimeshuka kuwa viwili bila kumlazimisha. Asali tumempa jirani. Kabla ya kula asubuhi alikuwa anasoma 11.2, jana kasoma 7.9, na najua metformini nayo imefanya kazi yake.

Kopo la sukari liko kabatini, kila mtu ndani anajua ni la nini. Mwezi ujao ana kliniki, watampima ile ya kuonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu. Nitaleta majibu hapa hapa.